Saa Zetu Zinaliwa Barabarani

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Nairobi, kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana ya reli)



Mkutano huu ulikuwa uanze saa nane. Sasa ni saa tisa kasorobo. Hatuwalaumu waliochelewa, maana tumewaona wakiingia wakihema, na kila mmoja akiulizwa ametoa neno moja tu: barabara. Basi neno hilo ndilo tulilotumwa kulisema hapa mbele yenu, na kwa kuwa limejileta lenyewe mpaka mlangoni, hatuna haja ya kulitafutia utangulizi mrefu.

Wengine mtauliza: msongamano wa magari wahusu nini chama cha wafanyakazi? Kazi ya chama ni mshahara, likizo, nyumba na usalama kazini. Nasi twawajibu kwa hesabu. Mfanyakazi anayekaa Githurai huondoka kwake saa kumi na moja alfajiri ili afike langoni saa moja. Hizo ni saa mbili. Jioni hutoka saa kumi na moja, akafika kwake saa moja na nusu usiku. Hizo ni saa mbili na nusu. Jumla ni saa nne na nusu kwa siku moja, na kwa siku sita za juma ni saa 27. Mtu huyu yuko nje ya nyumba yake saa kumi na nne na nusu kila siku. Huwaacha watoto wamelala na huwakuta wanasinzia juu ya vitabu.

Wazee hawa mnaowaona mbele walipigania miaka mingi ili saa za kazi zipunguzwe, na zikapunguzwa. Sasa saa zile tulizopunguziwa langoni tumeongezewa barabarani. Tena saa za barabarani hazina malipo, hazina ovataimu, na nauli yake twatoa mfukoni mwetu. Likiwa jambo kama hilo si la chama, basi twaomba tuonyeshwe lililo la chama.

Na si saa peke yake. Mmoja wetu, kabla ya kuingia reli, alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha Industrial Area ambacho jina lake hatulitaji. Mwaka ule mvua ya Aprili ilikuwa kali, maji yakajaa barabarani, matatu zikasimama kama zimepigwa misumari. Alishuka akatembea kwenye matope, akafika dakika ishirini baada ya king'ora. Lango limefungwa. Nyapara akamwambia kupitia kitundu, rudi kesho. Mwisho wa mwezi akakuta siku ile imeandikwa kwamba hakuja kazini. Mambo hayo yalimpata mara tatu katika mwezi mmoja. Alilipa nauli ya kwenda, akalipa ya kurudi, na nauli siku ya mvua huongezwa kama mnavyojua. Halafu akakatwa na mshahara wa siku tatu.

Hapa twataka msikilize vizuri. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 yamruhusu tajiri kukata mshahara wa siku moja kwa siku ambayo mfanyakazi amekosekana siku nzima bila ruhusa wala sababu ya haki. Siku nzima, ndiyo maneno yenyewe. Mtu aliyefika saa moja na dakika ishirini, mwili umelowa, anataka kufanya kazi, huyo hakukosekana. Alikuja akafungiwa nje. Ndugu yetu hakujua, na wala hakuwa na chama cha kumwambia. Ninyi mmesikia leo. Likiwapata, msinung'unike kwenye kituo cha basi, nendeni kwa mjumbe wenu siku ile ile mkamweleze.

Sasa tuzungumze jinsi mji huu ulivyofikia hapa. Sisi wa reli tuna haki ya kulisema jambo hili kwa sauti, kwa maana Nairobi ni mtoto wa reli. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1899. Palikuwa na nyika tupu yenye maji, na Wamasai ndio walioyaita yale maji baridi jina tunalotumia mpaka leo. Wajenzi walisimama hapa kwa sababu ardhi ni tambarare, na mbele yao kulikuwa na mlima wa Kikuyu na bonde kubwa. Wakataka mahali pa kuweka vyuma, injini na chakula kabla ya kupanda. Mahali pa kuweka vyuma pakageuka mji. Na mfanyakazi wa reli wa siku zile alijengewa landhi karibu na kazi yake: Muthurwa, Landimawe, baadaye Makongeni. Chumba kilikuwa kidogo, na hatutaki kusifu yasiyostahili sifa, maana wazee watatucheka. Lakini alikisikia king'ora akiwa kitandani, akavaa viatu, akatembea, akafika.

Mwaka 1969 watu wa Nairobi walihesabiwa wakawa 509,286. Mwaka 2019 walihesabiwa tena wakawa 4,397,073. Katika miaka hamsini mji umekuwa zaidi ya mara nane, na hapo hawakuhesabiwa wale wanaolala Kitengela, Rongai, Mlolongo, Ruiru na Kikuyu, ambao kila asubuhi huingia Nairobi na kila jioni hutoka. Kwa nini walale huko? Kwa sababu ya kodi ya nyumba. Mshahara hautoshi chumba cha karibu, basi mtu huhamia mbali mpaka apate mlango anaoweza kuulipia. Kwa hiyo anayeniambia kwamba msongamano ni mambo ya motokaa peke yake, sisi twamwambia ni mambo ya nyumba na ya mshahara pia. Kile tunachokiokoa kwenye kodi twakirudisha kwenye nauli na usingizi.

Serikali haikukaa bure, lazima tuseme kweli. Barabara ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ni barabara pana mno, na miezi ya kwanza watu walifurahi. Halafu ikawaje? Nyumba zikaota Kahawa, Ruiru na Juja kama uyoga, kila mwenye nyumba mpya akanunua gari akisema barabara ni nzuri, na magari yote hayo yakija mjini yanakutana na mitaa ile ile ya zamani na raundabauti zile zile. Ukipanua mdomo wa chupa bila kupanua shingo, maji hayatoki kwa haraka zaidi. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu kutoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27. Mwenye kulipa hupita juu kwa dakika chache. Sisi tulio chini tunaitazama tukiwa tumesimama Nyayo Stadium. Kivuli chake ni kizuri wakati wa jua, hilo hatulikatai.

Mtu wa karakana hupenda kupima, basi na tupime. Chukueni watu 1,000 wanaotoka Eastlands asubuhi. Kila mmoja akija na gari lake dogo, na kila gari likapewa mita 7 pamoja na nafasi ya mbele yake, mstari huo ni wa kilomita 7, tena hayo ni magari yaliyosimama. Yakitembea yanahitaji nafasi zaidi. Jogoo Road nzima haiwezi kuwapanga katika mstari mmoja. Watu hao hao wakipanda matatu za abiria 14, zinahitajika matatu 72, na mstari wake haufiki kilomita moja. Wakipanda treni ya mabehewa kumi, watu mia kwa behewa, wote 1,000 wamekwisha kuingia, na barabara haikuguswa hata kidogo. Hesabu hii haina siasa ndani yake. Ni kipimo cha futi na penseli. Barabara haijai watu, hujaa vyuma vilivyobeba mtu mmoja mmoja.

Tukisema hivyo tusigeuke tukawatukana watu wa matatu. Tumewasikia baadhi yenu mkisema makanga ndio adui. Siyo. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, kwamba jina lenyewe limetoka kwenye nauli ya zamani ya senti kumi tatu, na kwamba walikuwa wakifukuzwa na polisi mpaka mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliporuhusu wabebe abiria bila ile leseni iliyotakiwa. Kabla ya hapo mabasi ya kampuni, yaliyoanza mwaka 1934, ndiyo pekee yaliyokuwa na ruhusa, na hayakutosha, wala hayakufika mitaa mingi ya maskini. Matatu zikaziba pengo ambalo wakubwa hawakuliziba. Na kwa nini husimama katikati ya barabara kusubiri abiria? Kwa sababu mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, ikipungua dereva na makanga hukaa bila kitu. Watu hao huamka saa tisa usiku na kulala saa nne, wengi hawana barua ya kazi wala likizo. Ni wafanyakazi kama sisi, tena wana hali mbaya kuliko yetu. Mwaka 2004 zilipokazwa zile kanuni za Bwana Michuki, wakafunga mikanda, wakachora mstari wa manjano, wakaweka kidhibiti mwendo, tuliona wazi kwamba mambo yaweza kunyooshwa yakitakiwa. Lakini kanuni zile hazikubadilisha hesabu ya siku, na hesabu hiyo ndiyo inayomfanya dereva awe kama mtu anayefukuzwa na simba.

Sasa tufike nyumbani kwetu, kwenye reli. Hapa twaomba tusijisifu bure, kwa kuwa nasi tuna aibu zetu. Nairobi ina njia za reli kwenda upande wa Ruiru, Embakasi, Kikuyu na Syokimau. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, na mwaka 2020 zikaja treni 11 zilizonunuliwa Uhispania zikiwa zimetumika. Ni vizuri. Lakini mwananchi anauliza: ikiwa reli iko, mbona treni ni chache, asubuhi kidogo na jioni kidogo, na mchana hakuna? Wengi hudhani ni uvivu wa watu wa reli. Tuwaeleze.

Sehemu kubwa ya njia zetu za zamani, zile za upana wa mita moja, ni njia moja tu. Treni inayokwenda na inayokuja haziwezi kupita ila kwenye stesheni yenye njia ya kupishana. Basi moja husimama, hungoja, mwenzake apite, ndipo iondoke. Na njia hiyo hiyo hupitisha mizigo. Ukiongeza treni za abiria bila kuongeza mahali pa kupishania na ishara, utaongeza kungojana. Kwa hiyo tusidanganywe na mtu atakayekuja kutuambia kununua injini kumi kumemaliza kazi. Injini bila njia ya kupishana ni kama mabasi kumi kwenye mlango wa zizi. Kinachotakiwa kwanza ni chuma chini na mafundi wa kukitunza, na hao mafundi wamepungua mwaka baada ya mwaka. Hili twalijua, maana sisi ndio tuliobaki.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito. Barabara nyingi za Eastlands huvuka reli usawa wa ardhi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013, saa za asubuhi, treni iligonga basi lililokuwa likivuka, watu zaidi ya kumi wakafa, na walikuwa watu waliokuwa wakienda kazini. Treni haisimami kama motokaa. Ikiwa na mamia ya tani nyuma yake, dereva akifunga breki leo, kwa namna ya kusema, itasimama kesho. Aliyekaa mle mbele huona yote kabla hayajatokea na hana la kufanya ila kupiga honi. Tumekaa na madereva waliopatwa na mambo hayo. Hawayasimulii.

Na katika Kibera, Mukuru na Githurai watu wameweka vibanda na masoko mpaka kwenye mataruma. Treni ikija, nyanya huondolewa. Ikipita, nyanya hurudi. Baadhi ya wakazi wa Kibera na Mukuru walijengewa nyumba wakahamishwa kutoka kando ya njia. Sisi twataka treni nyingi, lakini hatutaki treni inayoongozwa na tingatinga la kubomoa nyumba za wafanyakazi wenzetu usiku. Wahamishwe kwa utaratibu, kwa notisi, na wawe na mahali pa kwenda. Tukisahau hilo tutakuwa tumepata usafiri kwa kumpokonya mwenzetu kitanda.

Tena tusije tukawasahau wengi kuliko wote, wasiopanda kitu chochote. Katika Nairobi, kati ya kila watu kumi, wanne au zaidi husafiri kwa miguu. Tazameni saa kumi na mbili asubuhi watu wa Mukuru wakiingia Industrial Area, na watu wa Kibera wakifuata reli kuelekea mjini. Ni kama mto. Hao hawasababishi msongamano wowote, lakini ndio wanaogongwa. Enterprise Road na Lunga Lunga malori yanapanda mahali pa miguu, mitaro iko wazi, taa hakuna, na mwanamke anayetoka zamu ya usiku anatembea ameshika viatu mkononi ili aweze kukimbia. Barabara ya juu ilijengwa kwa mabilioni. Njia ya mguu yenye saruji na taa ni kitu kidogo mno kulingana na hayo, lakini wakubwa hawaioni, nadhani kwa sababu hawajaikanyaga.

Mwenzetu mmoja aliyekwenda Dar es Salaam kumzika shangazi yake ametuletea habari. Wao walianzisha treni ya abiria wa mjini mwaka 2012, ikitumia reli iliyokuwako tayari, na mwaka 2016 wakaanzisha mabasi ya mwendokasi yenye njia yake peke yake ambayo gari lingine haliruhusiwi kuingia. Anasema mabasi hujaa mpaka mlango unagoma kufungwa, watu hulalamika sana, na huko pia msongamano haukwisha. Basi hatuleti habari hii kama miujiza. Tunaileta kwa sababu ya lile neno moja, njia yake peke yake. Hapa kwetu, basi la watu sitini na gari la mtu mmoja hungoja pamoja kwenye mstari mmoja, na askari akiinyoosha mikono huwapitisha kana kwamba ni sawa.

Hayo tumesema. Sasa tulichotumwa kuomba. Wajumbe wetu watakapokaa tena na waajiri juu ya mapatano, twaomba saa za kuingia zizungumzwe pamoja na mshahara, siyo baada yake. Mahali ambapo kazi inaruhusu, kundi moja liingie saa moja na jingine saa tatu, maana ni upumbavu viwanda vyote vya barabara moja kupiga king'ora dakika moja. Mtu aliyechelewa kwa sababu ya barabara afanye saa zake mwisho wa siku, asifungiwe lango. Na wanaotoka usiku wapewe gari la mwajiri. Juu ya hilo, jueni kwamba sheria ya mwaka 2007 ya malipo ya walioumia kazini inamhesabu mfanyakazi anayesafirishwa kwa gari la mwajiri kuwa yumo kazini. Akiumia mle, ana haki. Ndiyo sababu baadhi ya matajiri hawapendi kulitoa hilo gari, na ndiyo sababu tulitake.

Kwa Serikali na Kaunti, twaomba chama kiandike barua: treni ya wafanyakazi iwepo kabla ya zamu ya alfajiri na baada ya zamu ya jioni, njia za kupishania zitengenezwe upande wa Ruiru na Embakasi, vivuko vya reli viwe na vizuizi na mlinzi, na njia za miguu zijengwe Industrial Area. Tumeona barua nyingi zikiandikwa zikalala. Lakini barua yenye hesabu ya watu halisi ni ngumu kuilaza.

Kwa hiyo tumenunua daftari. Kila mwanachama atakayetaka atachukua moja, na kwa majuma mawili ataandika kila siku: ameondoka nyumbani saa ngapi, amefika langoni saa ngapi, nauli kiasi gani, amerudi saa ngapi, na kama alikatwa kitu. Msiongeze chumvi. Mwenye kufika mapema aandike amefika mapema. Anayetembea kwa miguu naye aandike, asidhani hahusiki. Wake zetu na akina mama wanaouza sokoni, ambao huondoka nyumbani kabla yetu kwenda Wakulima Market, wakitaka kuandika wapewe pia, Bwana Katibu amekubali.

Daftari ziko kwenye meza karibu na mlango, kalamu kila mtu ana yake. Yatarudishwa kwa wajumbe wa matawi. Maswali twaweza kupokea mawili au matatu sasa, kisha twaomba Mwenyekiti afunge mkutano mapema, kwa sababu ndugu zetu wa Ruiru wanataka kuiwahi treni, na ikiwaacha, ninyi nyote mnajua watafika saa ngapi.